Mwalimu wa Mlangoni

Saint-Gilles, tarehe 4 Oktoba 2009

Dada Claudine,

Mguu wa Maman nitauliza kule chini, usinione sina adabu, ila nikingoja nitapasuka: filamu yetu inarudi.

Ile ya shule ya kucheza na kuimba. Ile tuliyoona kwa salle ya video ya Tonton Constant hapo Uvira, mimi na wewe kwenye benchi la nyuma. Wameitengeneza upya, na wachezaji wapya. Tangazo lake limebandikwa huku Ulaya, pale tram inasimama, kubwa kama mulango wa kanisa. Nikaliangalia mpaka tram ikaniacha, nikachelewa kwa Madame wa Uccle, mashati yake ya kupiga pasi yakanisubiri.

Unajua kwa nini nafurahi hivi. Nimejiandikisha kwa shule ya jioni, ile wanafundisha watu kazi ya kulea watoto wadogo wa crèche. Mutihani wa kuingia ni tarehe 16 Januari. Lucien wangu anasema nitaweza. Mimi kila nikipita mbele ya ile shule nahamia upande wa pili wa njia. Muntu aliyeachia mwaka wa tatu wa secondaire, atakaa mbele ya karatasi na kusema nini? Mara mbili nimetaka kuenda kufuta jina langu. Na mara mbili nimemukumbuka yule mwalimu wa mulangoni.

Unamukumbuka? Musichana amechelewa, mvua inamupiga, amekumbatia mutoto wake ndani ya kitambaa. Wenzake wote wako ndani wanacheza. Yule muzee wa piano anafungua mulango, anamuangalia, halafu Tonton Constant anatutafsiria kwa micro yake, na ile sauti ya kukwaruza: «Mutoto si ugonjwa. Kiti chako hakuna mwenye kukikalia. Ingia naye, mulango ni mupana.» Salle yote ilinyamaza, hata wale wa kutafuna karanga. Shule ilikuwa imenifukuza na mimba ya Asifiwe, Papa alikuwa haniangalii usoni. Nilitoka pale nikajiambia, siku moja nitarudi shule. Donc mercredi, jumatano hii, watoto wakitoka shule saa sita, nampeleka Asifiwe akamuone mwalimu wangu.

Tarehe 8. Barua ilikuwa ingali kwenye droo, naiendeleza. Dada, wameiharibu.

Wachezaji wote ni wazuri, meno meupe, hakuna anayetoka jasho. Wanacheza lakini miguu huioni, picha inakatwa-katwa kama nyanya. Muzee wa piano hayupo. Wamemuweka mama mumoja wa nywele laini anayewaambia watoto wafuate ndoto yao, halafu anaangalia saa. Mvua haikunyesha filamu nzima. Nilisubiri mulango mpaka majina yakaanza kupanda. Asifiwe ananiuliza: «Maman, mwalimu wako amekufa?» Nikamuambia pengine iko na congé, anapumzika.

Nimerudi nyumbani kama muntu aliyeenda kusalimia rafiki akakuta nyumba imepangishwa.

Bon. Nitaitafuta ile ya zamani. Kuna maktaba ya filamu huku, unaazima kama kitabu. Nataka kumuona mara moja tu kabla ya mutihani, nipate moyo.

Barua inakuja na Papa Burhani, yule Murundi wa duka karibu na Gare du Midi, anashuka Bujumbura kila baada ya wiki chache. Kwa simu siwezi kukuambia haya. Simu yenu inasikilizwa na avenue nzima.

Mguu wa Maman? Na Tonton Constant, iko salama?

Mdogo wako,
Mignonne


Uvira, 2 Novemba 2009

Mdogo wangu Mignonne,

Barua yako imefika ikinukia manukato ya Papa Burhani, Maman akauliza kama siku hizi unaandikiwa na mwanamume. Mguu wake umepungua uvimbe. Ameanza tena kugombana na majirani, kwa hiyo ni mzima.

Nimekuelewa kuhusu filamu. Vitu vinavyotengenezwa upya ndivyo vilivyo, wanaacha mifupa wanapaka rangi. Pole. Lakini nikuombe jambo moja: usiitafute ile ya zamani. Kanda zenyewe siku hizi zimekatwa, hutakuta yote. Na kuna kitu kikiwa mbali ndiyo uzuri wake. Muda wa kuitafuta filamu ufanye muda wa Kifaransa. Andika sentensi tano kila siku, mwambie Asifiwe akusahihishe. Mtoto wa miaka minane anayesoma huko anakushinda, na si aibu. Mimi darasani kwangu wananishinda watano.

Tarehe 16 Januari nenda. Usingoje mtu wa filamu akufungulie mlango.

Umeuliza habari za Tonton Constant. Yupo.

Dada yako,
Claudine


Saint-Gilles, tarehe 29 Novemba 2009

Dada Claudine,

Barua yako ilikuwa fupi. Nilijiambia, dada amechoka na mambo yangu ya Ulaya. Mimi nalilia filamu, yeye anafundisha watoto hamsini na chaki moja. Nikaona haya. Lakini sikukutii.

Nimeipata ile ya zamani. Nilimuacha Lucien aende kazi, nikachemsha chai, nikamuita Asifiwe, nikamuambia kaa hapa, sasa utaona. Wameweka sauti za Kifaransa, kwa hiyo safari hii nilisikia kila kitu.

Musichana amefika. Mvua iko. Kitambaa iko. Dada, ndani ya kitambaa hakuna mutoto. Ni viatu. Viatu vya kuchezea, amevifunga humo ili visilowe. Kwa salle yetu picha ilikuwa na mchanga-mchanga, nani angeona? Muzee anafungua mulango. Namubana Asifiwe mukono. Na muzee anasema: «Umechelewa. Sheria ni sheria. Urudi mwaka ujao.» Halafu anafunga.

Anafunga, dada.

Nilirudisha nyuma mara ine. Asifiwe akaniuliza: «Maman, mutoto ulisema iko wapi?» Nikamutuma akavae pyjama, na ilikuwa saa kumi na moja tu.

Alors miaka minane nimetembea na maneno ambayo hakuna muntu aliyasema. Nilipojifungua niliyashika. Nilipopanda ndege na mutoto, siijui lugha, niliyashika. Kwa karatasi ya kujiandikisha waliandika: kwa nini unataka kurudi shule? Nikaandika, kwa sababu kuna muntu aliniambia kiti changu bado kiko. Sasa ni nani huyo muntu? Muzee wa kweli aliniambia nimechelewa.

Na muzee iko na haki. Nimechelewa. Nitapiga simu kwa shule wafute jina langu. Jana nilipiga, sekretari alikuwa ametoka. Nitapiga tena.

Niambie kitu kimoja. Ulijua? Ndiyo sababu ulinikataza?

Mignonne


Uvira, 13 Desemba 2009

Mignonne mdogo wangu,

Usipige simu. Kama umepiga, piga tena uwaambie ulikosea namba.

Nilijua.

Sikukuambia kwa sababu ulimpenda mno yule mzee, na mimi sikutaka kukuulia mtu wako. Sasa amekufa mwenyewe, basi nikuambie alizaliwa vipi.

Mwaka ule wa mimba yako ulikuwa hunisemeshi. Miezi miwili. Ulikuwa na sababu: mimi ndiye niliyemwambia Baba, kabla hujawa tayari, nikidhani nafanya la mtu mkubwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa tu. Shule ikakufukuza, wewe ukalala ukiangalia ukuta, chakula nakuletea unageuza kichwa. Nilitaka kukwambia kwamba haijaisha. Lakini kwa mdomo upi? Ule ule uliokwenda kwa Baba?

Ile filamu mimi nilikuwa nimeshaiona mara tatu kabla yako. Unajua Tonton Constant alivyotafsiri. Kiingereza hajui kusema hata habari za asubuhi. Siku ya kwanza, yule mzee alipofungua mlango alimdai msichana baiskeli. Siku ya pili alituma salamu kwa mkubwa wa duane pale mpakani na mke wake. Siku ya tatu alikuwa baba mzazi wa yule msichana, amempata baada ya vita, na watu walilia. Ni mlango ule ule, na mvua ile ile. Wewe ulidhani anawabandika wachezaji majina ya watu wa kwetu tu, Furaha wa Kimanga na wengine. Alikuwa anajaza vyote.

Nikamwendea alasiri moja, anafuta vumbi mashine yake. Nikamweleza: mdogo wangu yuko hivi na hivi, kesho nitamvuta hadi hapa hata kwa nguvu, yule mzee akifungua mlango mwambie amwambie aingie. Tonton akakasirika. Akasema yeye ni mfasiri, habadilishi maneno ya wenyewe. Nikamwuliza, na baiskeli je? Akakohoa. Akaniambia basi niandike vizuri kwenye karatasi, maana jambo la namna hiyo halisemwi ovyo.

Niliandika kwenye ukurasa wa daftari la hesabu. Nilifuta mara nyingi. Kuhusu mtoto na ugonjwa, ni mimi. Kiti, ni mimi. Mlango mpana aliuongeza mwenyewe, na ndipo salle iliponyamaza.

Tulipotoka ulinishika mkono kuvuka njia, kwa sababu ya tope. Mimi sikuomba zaidi ya hapo, na sikuthubutu kuugusa tena huo muujiza, leo miaka minane.

Kwa hiyo usiseme hakuna aliyesema. Yupo. Alikuwa amekaa pembeni yako kwenye benchi, anakuangalia wewe, si filamu.

Sasa, hasira unaweza kunikasirikia mara ya pili, ninastahili. Lakini tarehe 16 uende. Papa Burhani amechelewa safari yake ya kurudi, nimemwapisha kwa Kurani yake na Biblia yangu kwamba barua hii itafika kabla.

Claudine


Saint-Gilles, tarehe 17 Januari 2010

Dada,

Papa Burhani alifika mulangoni kwetu siku mbili kabla ya mutihani, anapumua kama amekimbia kutoka Bujumbura kwa miguu. Alikuwa ameshikwa na homa kule, akakosa ndege. Barua yako alikuwa ameificha ndani ya mufuko wa samaki wa ndagala ili isipotee, na kweli haikupotea, nyumba yote inanuka mpaka leo. Akaniambia: «Mama Asifiwe, dada yako alinitisha. Soma mbele yangu nione nimeachiliwa.»

Nikasoma mbele yake, tukiwa wima kwa korido. Nikaanza kukasirika. Dada, nilikasirika kabisa, jioni moja nzima. Nilisema, hata muujiza wangu ni Claudine ndiye aliyeupanga, kama anavyopanga watoto kwa mustari. Lucien anakula ndagala tu. Mwishoni akasema: «Kwa hiyo ungependa zaidi aseme muzungu asiyekujua?»

Ndipo nikacheka. Kitu kilishuka hapa kifuani kama muzigo umetuliwa chini. Wiki sita nilikuwa najiona mujinga aliyedanganywa na kanda mbovu. Kumbe kanda ilikuwa haina kazi yoyote. Ni wewe. Na mimi ile ya kumuambia Papa nilikusamehe pale kwenye tope, nilidhani uliona.

Sekretari sikumupata tena, acha nikuambie ukweli. Nilipiga mara moja tu baada ya ile barua yangu, ikalia mara tatu, nikakata haraka kabla hajaitika.

Bon, mutihani. Asubuhi ilikuwa karatasi. Dictée, wanasoma tunaandika, nimefanya makosa, usiniulize mangapi, kalamu yako nyekundu ingekauka. Nilitoka nikijua imeisha. Mchana wakatuita mumoja-mumoja. Wamama wawili na bwana mumoja nyuma ya meza. Wakanipa kitabu cha watoto, picha tupu, hakina neno hata moja. Bata na sanduku lake kituoni, mvua inanyesha, wanyama wengine wamejaa chini ya paa, hawamupishi. Wakasema, sisi ni watoto wa miaka tatu, tusimulie.

Kifaransa chote kilikimbia. Nikafungua ukurasa wa kwanza, nikafunga. Yule bwana akaangalia saa, na mimi nikamukumbuka yule mama wa filamu mpya. Halafu nikawaza: Tonton Constant hakujua Kiingereza hata neno moja, na hakuna siku hata moja alinyamaza.

Nikasema, huyu bata anaitwa Papa Burhani. Anatoka mbali, na ndani ya sanduku iko na ndagala, ndiyo sababu wote wamefunga pua hawataki akae karibu. Mama mumoja akacheka. Kumbe nikafungua bomba. Nikamupa kiboko sauti ya Maman akigombana na majirani. Nikamupa sungura sauti ya Madame wa Uccle akitafuta miwani iliyo kichwani kwake. Kifaransa changu kilikuwa kinachechemea lakini kinaenda. Nikigeuza ukurasa polepole, yule bwana anauliza, «Et après?», yaani halafu? Aliuliza mara tatu. Kwa ukurasa wa mwisho bata iko chini ya paa na wote, hakuna anayejua aliingia vipi, wachoraji hawakuonyesha. Nikawaambia: kobe alisogea, akamuambia nafasi yako ilikuwa hapa tangu asubuhi, tulikuwa tunaishikilia na masanduku.

Halafu yule bwana akaandika kitu, sikuona ni nini.

Majibu yatakuja kwa posta. Wakinikataa, nimekataliwa mimi, si yule musichana wa viatu. Naweza kubeba hiyo.

Barua inakuja na mama mumoja wa kanisa letu, hana manukato wala samaki.

Mdogo wako anayekushukuru,
Mignonne


Uvira, 31 Januari 2010

Mignonne,

Nimeisoma barua yako kwa sauti mbele ya Tonton Constant. Nilimfuata pale anapochaji simu za watu na jenereta yake ya zamani. Salle yake ilifungwa siku nyingi, kila mtu ana DVD nyumbani. Nilikuandikia «yupo» tu kwa sababu niliogopa nikiongeza neno moja yote yatamwagika.

Alisikiliza amefumba macho. Nilipofika kwenye filamu mpya akauliza ni nani aliitafsiri. Nikamwambia hakuna, huko wanaangalia hivyo hivyo. Akatikisa kichwa kwa huruma. Akasema: «Ndiyo sababu ni mbaya. Wanawaachia watu picha peke yake.»

Anasema ukurasa wangu wa daftari alikaa nao mwaka mzima. Baada ya siku yako aliendelea kuyasema maneno yale kila alipoonyesha filamu hiyo, akaachana na baiskeli na salamu za duane. Mimi sikujua, sikurudi tena. Eti wasichana wengine walikuwa wanaomba waonyeshwe tena ule mlango.

Anataka kujua bata alikuwa na sauti gani.

Ukipata majibu andika hata mstari mmoja. Maman anafunga kula kila Ijumaa kwa ajili yako na anatukana kila Jumamosi kwa njaa.

Claudine


Saint-Gilles, tarehe 21 Februari 2010

Dada yangu Claudine,

Wamenichukua.

Nimepewa sharti, kila samedi, jumamosi asubuhi, niende masomo ya Kifaransa kwanza, kwa ile dictée. Nitaenda. Muambie Maman ale.

Jioni ya kwanza ilikuwa jumatatu. Niliipanga wiki nzima: Lucien atarudi mapema, nitatoka saa kumi na moja, nitafika nimekauka, nimepumzika, kama muntu. Alors hiyo hiyo siku watoto wako congé ya carnaval, Asifiwe iko nyumbani, na Lucien anapiga simu bosi amemuzuia. Nikamuvalisha mutoto koti. Tram ya 81 ikakwama Barrière. Tukashuka, tukatembea, na mvua, dada, mvua ya kweli. Asifiwe anasema, «Maman, tumechelewa?» Nikamuambia kimya, tembea.

Tulipofika mulango wa darasa ulikuwa umefungwa. Nasikia sauti ya mwalimu ndani. Nilisimama pale. Maji yananitoka kwa nywele, mutoto mukononi, daftari nimelificha ndani ya koti lisilowe. Nikajiona. Nikajiona kabisa kama nimekaa kwenye benchi la nyuma. Kidogo nigeuke nirudi, kwa sababu sasa najua yule muzee wa kweli alisema nini.

Asifiwe ndiye aliyegonga.

Mwalimu akafungua. Ni yule bwana wa «Et après?». Akaniangalia, akamuangalia mutoto, akaangalia maji yanayotiririka chini.

Akasema: «Fungeni mulango nyuma yenu, baridi inaingia.»

Basi. Akarudi kwa ubao. Mama mumoja akaondoa mufuko wake juu ya kiti cha safu ya pili, karibu na dirisha, mwingine akampa Asifiwe karatasi na penseli. Asifiwe alichora bata mpaka saa mbili ya usiku.

Muambie Tonton Constant, bata alikuwa na sauti yake, ile ya kukwaruza. Na muambie yule mwalimu hakuongeza neno lingine lolote. Mengine nilijitafsiria mwenyewe.

Mdogo wako,
Mignonne